Kutumia aptama ya RNA ndani ya seli: piga hesabu kwanza, kloni baadaye

Aisee kuna kitu kinawadanganya wengi wanaoanza hii kazi. Mtu akishaona aptama yake inaishika protini vizuri kwenye tyubu anadhani mambo yameisha, anaiweka kwenye plazimidi (DNA ya duara ya kubebea jeni), anatia kwenye seli, anaenda kulala, kesho yake anakuja na matumaini akute protini imenyamaza. Haiendi hivo. Mimi nilienda hivo hivo na ikanigharimu karibu miezi minne, nitawasimulia mbele, ila kwanza tuwekane sawa kidogo kwa wale ambao ndo wanaingia.

Aptama ni kipande kifupi cha RNA, mara nyingi nyukleotidi 30 mpaka 100 hivi, kinachojikunja chenyewe mpaka kinapata umbo, na hilo umbo ndo linaishika protini, tena sio popote, ni kama sufuria iliyo jikoni, kuna pale pa kushikia tu. Mbinu ya kuzitafuta inaitwa SELEX, ilitoka mwaka 1990 kwa makundi mawili ya Marekani karibu wakati mmoja, Craig Tuerk na Larry Gold kule Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak kule Boston ambao ndo waliotoa jina aptama, kutoka neno la Kilatini aptus, yaani kinachokaa sawasawa. Unaanza na mchanganyiko wa RNA za sikwensi tofauti kama trilioni 100 mpaka trilioni 1,000, unauchanganya na protini yako, zisizoshika unaziosha zinaenda zake, zilizoshika unazizalisha kwa PCR (njia ya kuzidisha nakala za DNA), unarudia, raundi 8, 10, hata 15, mpaka zinabaki chache zenye kung'ang'ania kweli.

Sasa kwanini ujisumbue wakati siRNA ipo na CRISPR ipo, njia zinazojulikana za kuzima au kukata jeni? Jibu langu ni moja tu: hizo zinaiondoa protini nzima. Na protini nyingi zina kazi zaidi ya moja, ina sehemu ya kimeng'enya, ina sehemu ya kuwashikilia wenzake, ukiitoa yote hujui kilichoharibika kimeharibika kwa sababu ya kazi ipi. Aptama inaiacha protini palepale ilipo, kwa wingi uleule, inaziba sehemu moja tu. Kundi la Michael Famulok kule Bonn, Ujerumani, ndo walioipigia debe sana hii njia, hata wakaziita intrama hizi aptama za ndani ya seli. Mwaka 1999 walionyesha kwamba RNA inayoshika mkia wa ndani wa integrini beta 2 (protini ya kujibandikia ya seli) inafanya seli nyeupe za damu zipunguze kujibandika kwenye ICAM-1, protini ambayo integrini hiyo inaishika, mwaka 2001 wakaja na M69 inayoshika sehemu iitwayo Sec7 ya sitohesini-1, protini ya ndani ya seli, na mwaka 2004 wakaja na K61 ambayo mimi ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu inaitofautisha sitohesini-2 na sitohesini-1, protini ambazo zinafanana kama mapacha, na kwa kutumia hiyo wakaona ni sitohesini-2 inayohusika kuwasha jeni kupitia ile swichi ya DNA inayoitwa SRE. Jaribu kupata hiyo na dawa ya kawaida ya kuzuia kimeng'enya uone utahangaika kiasi gani.

Haya, tuingie kazini.

Kitu cha kwanza ni swali, sio aptama. Andika kwenye karatasi: nataka kuziba sehemu gani ya protini, na nikiziba nategemea kuona nini ndani ya masaa mangapi. Kama huwezi kuandika hiyo sentensi usianze. Na ukienda kufanya SELEX tumia ile sehemu tu ya protini unayoitaka, sio protini nzima, sababu RNA ina chaji hasi na itakimbilia popote penye chaji chanya, utapata aptama inayoshika vizuri sana mahali ambapo hapakuhusu. Kama protini yako ina ndugu wanaofanana nayo, pitisha RNA zako kwanza kwa hao ndugu, zinazowashika utupe, zilizobaki ndo uzipeleke kwa unayemtaka.

Halafu bafa. Hapa watu wanakosea mapema kabisa bila kujua. Bafa nyingi za SELEX, yaani maji yenye chumvi unayofanyia kazi, zina magnesiamu milimola 5 na zaidi (milimola na nanomola hapa ni vipimo vya mkolezo), na wengine wanafanya kwenye joto la chumba. Ndani ya seli magnesiamu iliyo huru ni kama milimola 0.5 mpaka 1 tu, nyingine yote imeshikwa na ATP na ribosomu na vitu vingine, potasiamu ipo kama milimola 140, na joto ni 37. Aptama iliyozoea kuishi kwenye magnesiamu nyingi ukiipeleka huko inalegea, umbo linaachia. Kwa hiyo ama ufanye SELEX kwenye hali inayofanana na seli tangu mwanzo, au kama unatumia aptama ya mtu iliyokwisha chapishwa, pima tena mwenyewe Kd yake (mkolezo wa aptama huru unaofanya nusu ya protini ishikwe, ikiwa ndogo inashika zaidi) kwenye magnesiamu milimola 1 na nyuzi 37 kabla hujatumia hela yoyote nyingine. Kwa maabara zetu ambazo bajeti ni ya kuungaunga, hii njia ya kutumia zilizochapishwa ndo nashauri, unaagiza DNA fupi tu, unaitengenezea RNA kwa polimerasi ya T7 (kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA), unapima kwa karatasi ya nitroselulosi ambayo inakamata protini na RNA iliyoshikana nayo huku RNA iliyo peke yake ikipita. Ni kazi ya siku tatu nne na haihitaji mashine ya ajabu. Kumbuka tu T7 inapenda sikwensi ianze na GG.

Sasa hesabu, hapa tukae kidogo maana ndo moyo wa jambo zima na ndo watu wanaparuka.

Chukua seli aina ya HeLa, tuseme ujazo wake ni pikolita 2. Kwenye ujazo huo nanomola 1 ni molekuli kama 1,200. Fanya mwenyewe kwenye kikokotoo, 2 mara kumi kwa kipeo cha hasi 12, mara kumi kwa kipeo cha hasi 9, mara namba ya Avogadro. Haya, protini yako ipo nakala 60,000 kwenye kila seli, hiyo ni nanomola 50. Aptama yako ina Kd ya nanomola 5. Unataka asilimia 90 ya protini iwe imeshikwa. Ili asilimia 90 ishikwe, aptama iliyobaki huru lazima iwe mara 9 ya Kd, yaani nanomola 45, jumlisha ile iliyokwisha shika ambayo ni nanomola 45 nyingine, jumla 90, yaani nakala kama 108,000 kwenye kila seli, muda wote. Sasa fanya hesabu hiyohiyo na aptama yenye Kd ya nanomola 100: huru inatakiwa 900, jumlisha 45, unafika nakala zaidi ya milioni 1.1. Kwenye tyubu aptama zote mbili zinaonekana nzuri tu kwenye grafu, mkunjo unapanda unalala juu, kila mtu anafurahi. Ndani ya seli moja inawezekana ukihangaika, nyingine sahau. Na kama protini yenyewe ni ile iliyojaa tele kama aktini, wala usianze, hutaweza kutengeneza RNA ya kuitosha.

Kuna njia tatu za kulipunguza hilo deni. Ya kwanza ni kuongeza uzalishaji, promota yenye nguvu (sehemu ya DNA inayoanzisha utengenezaji wa RNA) na nakala nyingi za jeni. Ya pili ni kuunganisha aptama kadhaa kwenye RNA moja, kama walivyofanya Hua Shi na John Lis na mwenzao kule Cornell mwaka 1999, walitengeneza RNA yenye aptama tano za kushika B52, protini ya nzi wa matunda inayohusika na kukata na kuunga RNA, wakaiweka ndani ya nzi wazima kabisa, na nzi waliokuwa na hitilafu kwa sababu ya kuzidishiwa B52 hali yao ikarekebika. Hiyo ni kwenye mnyama mzima sio seli za kwenye sahani, bado naiona kazi kubwa. Ya tatu, na ndo yenye faida kubwa zaidi, ni kurefusha maisha ya RNA. Fikiria, kama nusu ya RNA yako inaoza kila dakika 30 na ukaweza kuifanya ichukue masaa 10, umepata mara 20 zaidi bila kuongeza uzalishaji hata kidogo.

RNA uchi ya nyukleotidi 60 ndani ya seli haina maisha. Inaliwa kutokea mwishoni. Kwa hiyo inavalishwa kiunzi, yaani RNA nyingine imara ya kuishikilia. Zamani wengi walitumia tRNA, unaiingiza aptama pale kwenye kitanzi cha antikodoni, inasaidia kujikunja ila seli wakati mwingine inaikata. Baadaye kundi la Samie Jaffrey kule New York, haohao waliotoa Spinach mwaka 2011 na Broccoli mwaka 2014, RNA zinazowaka kijani ukizipa rangi yake, wakatumia kiunzi cha F30 kilichotoka kwenye RNA ya virusi vya bakteria viitwavyo phi29, hicho hakikatwi ovyo. Na mwaka 2019 Jacob Litke na huyo huyo Jaffrey wakatoa Tornado: pembeni mwa aptama kila upande unaweka ribozaimu ya Twister (RNA inayofanya kazi kama kimeng'enya), zinajikata zenyewe, ncha mbili zinazobaki zinaunganishwa na RtcB, kimeng'enya ambacho seli inacho tayari kwa shughuli zake za tRNA, unapata RNA ya duara. Duara halina mwisho, wale walaji wanaoanzia mwishoni hawana pa kuanzia. Walijaribu na aptama ya kuzuia NF-kB, protini inayowasha jeni, na ya duara ikafanya kazi vizuri mno kuliko ile iliyonyooka. Kama ningeanza leo ningeanzia hapo moja kwa moja.

Ila kiunzi chochote utakachochagua, hakikisha kwanza kwenye programu kama RNAfold kwamba aptama bado inajikunja vilevile ikiwa ndani yake, halafu USIAMINI PROGRAMU, tengeneza RNA nzima pamoja na kiunzi na upime Kd tena. Programu inakupa mchoro mzuri tu lakini haijui protini yako.

Na sasa kisa changu. Aptama yangu ilikuwa nzuri, Kd ya nanomola 4 hata kwenye magnesiamu kidogo, nimeivalisha kiunzi, nimeiweka chini ya promota ya U6. Natia kwenye seli, naangalia kwa RT-qPCR (kupima wingi wa RNA kwa kuigeuza kuwa DNA kisha kuizidisha kwa PCR), signali kubwa kabisa, naangalia protini, hamna kitu. Narudia. Nabadilisha dawa ya kutransfekti, yaani ya kuingiza DNA ndani ya seli. Narudia. Naongeza plazimidi mpaka seli zinakufa. Msimamizi anauliza kila Jumatatu na mimi jibu langu ni lilelile. Mwezi wa nne mzee mmoja wa maabara ya jirani, mtu wa zamani anayependa mambo ya zamani, akaniambia wewe umefanya Northern, kile kipimo cha kuzitenganisha RNA kwa urefu kwenye jeli? Nikamwambia Northern ni ya enzi hizo. Akacheka tu. Nikafanya, na bendi ikatokea chini kabisa kwenye jeli, RNA yangu ilikuwa fupi karibu theluthi moja kuliko inavyotakiwa. Nikarudi kwenye sikwensi na kidole, herufi moja moja, nikakuta kwenye kitanzi cha aptama kuna TTTT. Polimerasi ya III, ambayo ndo inaendesha U6, ikikuta T nne zimefuatana inaona ni kituo cha mwisho, inashuka. T7 wala haijali, ndo maana kwenye tyubu kila kitu kilikuwa sawa. Na prima zangu za PCR (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) zote mbili zilikuwa upande wa mbele wa ile sehemu, kwa hiyo PCR ilikuwa inanionyesha nusu aptama na mimi nafurahia. Nilibadilisha T moja ikawa C, nikapima Kd ikawa bado nanomola 6, wiki mbili baadaye nikaona matokeo ya kwanza. Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote tafuta TTTT kwenye faili lako, inachukua sekunde moja. Na angalia RNA ianze na G, U6 inapenda hivo.

Tukiwa hapohapo kwenye kupima: RT-qPCR baada ya kutransfekti inadanganya kwa njia nyingine pia, plazimidi yenyewe imejaa kwenye sampuli na PCR inaizalisha. Tumia DNase, kimeng'enya kinachokula DNA, na weka kila mara tyubu isiyo na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, kama nayo inatoa signali basi unapima plazimidi. Halafu weka kwenye Northern RNA ya kipimo unachokijua, nanogramu kadhaa, ili uweze kupata nakala kwa kila seli na uirudishe kwenye ile hesabu ya mwanzo. Bila namba hiyo huwezi kujua kama aptama imeshindwa au haikutosha, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mahali nako. RNA ya U6 inapenda kubaki kwenye kiini. Kama protini yako iko kwenye kiini, kama B52, ni heri. Kama iko nje karibu na utando wa seli, unatengeneza aptama laki mbili zinazokaa chumba kingine. Kina Famulok walilikwepa hili kwa kutumia virusi vya vaccinia na polimerasi ya T7, maana vaccinia inafanya mambo yake kwenye saitoplazimu, ila seli inakuwa inaumwa na una saa chache tu za kufanya jaribio. Siku hizi duara za Tornado ama RNA iliyounganishwa na tRNA zinatoka nje ya kiini, na unaweza kuhakikisha kwa kutenganisha kiini na saitoplazimu halafu unafanya Northern kwa kila upande.

Ukitaka kuitia RNA iliyotengenezwa kwenye tyubu moja kwa moja, inawezekana, ila RNA ya T7 ina fosfeti tatu mwanzoni na seli ina mlinzi anaitwa RIG-I anayezitambua, ataita interferoni, kengele ya kinga ya seli, na utaona mabadiliko makubwa ya kusisimua ambayo hayahusiani kabisa na protini yako. Ondoa hizo fosfeti kwa fosfatasi. Na shina refu lenye pande mbili kuzidi jozi 30 hivi linamwamsha PKR, ambaye anazima utengenezaji wa protini zote, kwa hiyo mashina mafupi tafadhali, hasa ukiunganisha aptama tano sita pamoja.

Kontroli. Watu wanaweka sikwensi iliyochanganywa ovyo wanasema ndo kontroli yangu. Kwangu hiyo haitoshi, sababu RNA iliyochanganywa inajikunja vingine, inaoza haraka, inakaa kwingine, ukiona tofauti hujui inatoka wapi. Kontroli nzuri ni aptama yako ileile umebadilisha nyukleotidi moja au mbili tu mpaka ikashindwa kushika protini, umepima na kuthibitisha imeshindwa, na kwenye Northern ipo kwa wingi uleule na aptama halisi. Weka na kiunzi kitupu pembeni. Mimi hupenda pia kuweka Broccoli kwenye mkono mmoja wa F30 na aptama kwenye mwingine, seli zinazowaka kijani najua zina RNA, zisizowaka sizihesabu, na unaona hata kabla ya siku nzima kupotea kama transfeksheni imekubali.

Kuthibitisha kwamba wanashikana ndani ya seli na sio baada ya kuipasua, piga seli zikiwa hai mwanga wa UV wa nanomita 254 ili RNA na protini zigandane, ndo uzipasue, uivute protini kwa kingamwili, na upime aptama iliyokuja nayo ukilinganisha na ile iliyobadilishwa. Angalizo: kingamwili nayo ina pa kushikia, ikiwa ni palepale panaposhikwa na aptama utavuta protini zile tu zisizo na aptama na utasema haishiki. Weka tagi (kipande kidogo cha ziada cha kushikia) mwisho wa protini, uvute kwa tagi.

Mwisho kabisa ni kurudisha. Ukizidisha protini yenyewe ndani ya seli, athari ya aptama inatakiwa ipungue, na bora zaidi ni kuweka protini iliyobadilishwa kidogo ambayo aptama haiwezi kuishika lakini kazi yake iko palepale. Kama hiyo inarudisha hali ya kawaida, sawa, aptama inagusa ulichosema inagusa. Kama hairudishi, kuna protini nyingine unaizuia bila kujua, rudi kwa wale ndugu zake ukapime Kd. Fanya na siRNA pia kwa protini hiyohiyo, na usishtuke majibu yakipishana. Kwangu siRNA iliua nusu ya seli na aptama haikuua hata moja, ila ilizuia kile kimeng'enya karibu chote, na hapo ndo nilijua kinachozishikilia seli hai ni ile sehemu nyingine ya protini ambayo aptama yangu haikuigusa.